Jina au Nchi? Suala la Kumsomea Mtoto Vitabu vya Picha za Watoto Wachanga wa Dunia

Makala haya yanakusudia kujadili suala moja tu: msomaji amwite nani mtoto aliyemo pichani? Mfano wetu ni Global Babies, kitabu cha kurasa ngumu kilichotolewa na Charlesbridge huko Marekani mwaka 2007. Kimejengwa kwa picha za watoto wachanga wa nchi mbalimbali. Maneno yake ni machache mno, na picha zimetiwa majina ya nchi. Mtoto wa miezi 6 hajui nchi ni nini. Akionacho ni uso.

Kwamba nyuso humvuta mtoto mchanga ni jambo linalojulikana tangu Robert Fantz alipochapisha uchunguzi wake mwaka 1963. Lakini uwezo wa kuzipambanua haukui kwa namna moja. Pascalis na wenzake (2002) walionyesha kuwa watoto wa miezi 6 huweza kumtofautisha kima mmoja na mwingine kwa sura, ilhali wale wa miezi 9 hawawezi. Mwaka 2005 wakaonyesha kwamba aliyezoeshwa picha hizo nyumbani hubaki na uwezo huo. Je, picha peke yake zatosha? Scott na Monesson (2009) waliwagawa watoto makundi matatu. Kundi la kwanza lilitajiwa kila kima kwa jina lake. La pili likaambiwa "kima" basi. La tatu halikutajiwa jina lolote. Baada ya miezi 3, ni la kwanza tu lililoendelea kuwatofautisha.

Hapana budi kutahadhari, kwani hizo zilikuwa sura za wanyama. Hata hivyo, tunapofunua ukurasa baada ya ukurasa tukisema "huyu ni wa nchi fulani", jina la nchi huenda likafanya kazi ileile ya neno "kima": humweka mtoto kundini, lisimtambulishe yeye.

Kumbuni jina nako kuna kasoro. Mtoto wa picha ni mtu halisi, naye ana jina alilopewa na wazazi wake. Sisi ni nani hata tumpe jingine?

Kiswahili kinatupa njia ya tatu. Virejeshi vyake humtenga mtu kwa hali aliyomo: huyu aliyeelekwa, yule aliyepakatwa, huyu aliyevikwa kofia ya sufi. Kiingereza aghalabu hutumia kitenzi kimoja kwa kubeba kwa kila namna, ilhali kueleka (ndiko litokako neno mbeleko) si kupakata. Nakiri kuwa jaribio la 2009 lilihusu majina, si maelezo ya aina hii. Bado naipendelea njia hii, maana haimzulii mtoto jambo lisilokuwepo pichani. Nayo inambana mfasiri: hawezi kukitia kitabu kama hiki Kiswahili kwa kupewa maandishi peke yake, bila picha zenyewe mbele yake.