Faida ya Tamasha Dogo la Katuni

Swali: Kuna faida gani kwenda tamasha dogo la vitabu vya katuni badala ya yale makubwa yenye majina?

Jibu: Tamasha dogo humkutanisha msomaji na mchoraji mwenyewe. Comic-Con ya San Diego, iliyoanza 1970, hupokea watu zaidi ya 130,000, na foleni humla mgeni siku nzima. Small Press Expo ya Bethesda, Maryland, iliyoanza 1994, ni ya namna nyingine: mchoraji huketi mezani akiuza vijitabu alivyochapa, pengine hata kuvibana pini, kwa mikono yake. Hapo ndipo penye utamu wote, maana vingi havifiki madukani kamwe. Wageni wenyewe hupigia kura Tuzo za Ignatz, zilizoanza 1997. Mshindi hupewa tofali, kumbukumbu ya Ignatz, panya mrusha matofali katika katuni za Krazy Kat za George Herriman.

Mgeni abebe fedha taslimu, noti ndogondogo, azungukie meza zote kwanza, na aombe ruhusa kabla ya kupiga picha kazi ya mtu. Afike asubuhi, kwani vijitabu vya nakala chache huisha mapema.