KITABU NYUMBANI NA HAKI YA MTOTO MDOGO



Amri ya kwanza aliyoteremshiwa Mtume wetu (S.A.W.) katika pango la Hira ilikuwa ni amri ya kusoma. Na baada ya vita vya Badri, mwaka wa pili wa Hijra (624), imepokewa kwamba mateka wasiokuwa na mali ya kujikombolea waliambiwa wawafundishe watoto wa Madina kuandika, na hiyo ndiyo ikawa fidia yao. Basi sisi, umma ulioanza hivyo, twamfundishaje mtoto leo kukipenda kitabu?

Natutazame majumbani mwetu. Vitabu vimo, lakini vimefungiwa kabatini nyuma ya kioo. Mtoto akinyosha mkono hukemewa: “Wacha, utachana!” Kisha mtoto yule yule hupewa simu ili anyamaze. Akitimia miaka sita hupelekwa chuoni, akakutana na kitabu na bakora siku moja. Ni ajabu gani akikichukia?

Wako wasemao: “Mtoto wa miaka miwili hafahamu lolote.” Hiyo si hoja. Hajui kusema, lakini asikia, na maneno ayasikiayo ndiyo atakayoyasema kesho. Maneno ya kutwa ni “njoo, kula, lala”. Kitabuni mna maneno ambayo jikoni hayatajwi. Mpakate, mwache afunue kurasa mwenyewe, mwonyeshe kwa kidole, muulize, “Huyu ni nani? Afanya nini?” kisha ungoje jawabu. Akitaka kisa kile kile mara ya kumi, msomee. Kurejea ndiko kujifunza. Robo saa baada ya Magharibi yatosha.

Wengine husema hadithi za wanyama ni upuuzi. Je, Qur’ani haina sura zilizoitwa kwa majina ya nyuki, sisimizi, buibui na ndovu? Na yule sisimizi wa kisa cha Nabii Suleiman, hakuwaonya wenziwe kwa maneno? Watoto wetu wazihifadhi sura hizo na visa vyake hawavijui. Wasimulieni kwa Kiswahili, wapate kufahamu walihifadhilo.

Na mama asemaye kuwa hajui herufi za Kizungu, huenda azijua za Kiarabu, ambazo Kiswahili kimeandikwa kwazo kwa karne nyingi. Asiyejua zote mbili na afunue picha, asimulie. Wala baba asiseme kazi hii ni ya wanawake. Malezi ni amana ya wote wawili.

Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, ili tuamke. Lakini gazeti lamfaa nini asiyelelewa kusoma?

Fungueni makabati. Ukurasa uliochanika huunganishwa kwa gundi. Moyo wa mtoto uliofukuzwa kitabuni ni vigumu kuurejesha.

Wabillahi tawfiki.