Kamba ya Katani Isokotwayo Pajani: Jinsi Ninavyotengeneza Mkanda wa Kiondo

Nikitaka kujua kama kiondo kimetengenezwa na mtu anayejali kazi yake, sianzi na rangi za ubavuni. Nashika mkanda, naufungua kidogo kwa vidole kinyume cha msokoto, nitazame nyuzi zilivyoungana ndani. Hapo ndipo mzigo unapoegemea, na hapo ndipo kiondo hufa kwanza.

Hapa Kalamba, upande wa Nzaui kaunti ya Makueni, wageni hutujua kwa maembe na kiwanda cha kaunti cha kuyasindika. Lakini tembea vijijini uone kinachozunguka mashamba: ni mkonge. Umepandwa mipakani kuzuia ng'ombe na mbuzi, na kwenye kingo za matuta ushike udongo mvua za Novemba zikishuka kwa nguvu. Mmea wenyewe ni mgeni. Asili yake ni Meksiko, na ulifika pwani ya Tanganyika mwaka 1893 kwa mkono wa Mjerumani Richard Hindorf, miche 62 tu ikiwa hai baada ya safari ndefu ya baharini. Baadaye ukaenea hadi huku, na leo Kibwezi kuna shamba kubwa la mkonge la Dwa ambako majani hukamuliwa kwa mashine. Kabla ya mkonge kufika akina nyanya walisokota nyuzi za magome ya mbuyu na za miti mingine ya nyikani. Kwa hiyo ufundi wa paja ni mkongwe kuliko mkonge.

Kata majani ya chini, yaliyokomaa na kulala kidogo. Yale machanga ya katikati yaache, nyuzi zake ni dhaifu na mmea unayahitaji. Ondoa mwiba wa nchani kabla ya kitu kingine chochote. Jipake mafuta mikononi, kwa sababu utomvu wa mkonge unawasha vibaya, na ukijikuna unazidi. Pasua jani vipande vyembamba kwa urefu, uvilaze kimoja kimoja juu ya ubao, kisha kwangua kwa panga butu. Panga kali litakata nyuzi. Nyama ya kijani ikishatoka, osha katani kwenye maji mengi na uianike juani. Agosti na Septemba jua letu huifanya nyeupe kabisa.

Rangi hutiwa sasa, kabla ya kusokota, la sivyo ndani ya kamba kutabaki kweupe na mkanda ukichakaa utaonekana una mabaka. Rangi ya unga ya dukani inafaa, ichemshwe na chumvi. Mimi napenda zaidi hudhurungi ya magome ya mgunga. Nayachemsha mpaka maji yawe mazito kama chai ya rangi, natumbukiza katani na kuiacha ilale humo usiku kucha. Rangi hiyo haipigi kelele, na inakaa vizuri kando ya nyeupe.

Sasa kusokota. Keti chini kwenye mkeka, nyoosha mguu wa kulia, pandisha leso mpaka paja liwe wazi, upake jivu kidogo ili nyuzi zisiteleze. Lowesha katani kwa maji, isilowe chepechepe. Chukua mafungu mawili membamba yanayolingana, moja jeupe na moja la hudhurungi, ufunge ncha zake pamoja. Shika fundo kwa mkono wa kushoto na ulaze mafungu juu ya paja yakiwa yameachana kwa upana wa kidole. Kiganja cha kulia kiviringishe yote mawili kutoka nyongani kuelekea gotini. Kila fungu linajisokota peke yake. Bila kuinua kiganja, yasogeze yakutane, kisha rudisha kiganja kutoka gotini kuelekea nyongani. Yanakumbatiana yenyewe, na mstari mweupe na wa hudhurungi unapanda kwa kuzunguka.

Siri yote ya nguvu iko kwenye kwenda na kurudi huko. Msokoto wa kwanza unaelekea upande mmoja, wa pili upande wa pili, hivyo kila uzi ukitaka kufunguka unazidi kumkaza mwenzake. Wanafunzi wengi hukaza sana mwendo wa kurudi na kulegeza ule wa kwenda. Kamba hiyo hupendeza siku ya kwanza, halafu ikiwekewa mzigo inafunguka. Shangazi yangu aliyenifundisha alikuwa akinisimamia nyuma na kusema, "Mwanangu, sikiliza kwanza ule wa kwenda." Na kweli unasikika: katani iliyosokotwa sawasawa hutoa mkwaruzo mkavu chini ya kiganja.

Pa kutazama kwa makini kuliko pote ni pa kuunga. Fungu likibaki na urefu wa kiganja hivi, usingoje liishe. Chukua nyuzi mpya, ncha yake nyembamba uilaze sambamba na ile inayokwisha kwa kama sentimita 10, uviringishe pamoja. Fungu la pili uliunge mbele zaidi, kamwe si mahali pamoja na la kwanza. Viungo viwili vikikutana, umejitengenezea pa kukatikia. Vijincha vinavyochomoza viache, utavikata kwa wembe kamba ikikauka.

Kamba nyembamba ya namna hii inatosha kusukia kiondo chenyewe. Kwa mkanda nataka kitu kinene chenye pande nne, na hapo natumia panda ya mti iliyochongwa ikawa laini. Mafundi wa Ulaya wana kifaa cha aina hiyo kiitwacho luseti. Shika panda mkono wa kushoto, ubane mwanzo wa kamba kwa kidole gumba. Izungushe kamba kwenye pembe zote mbili kwa umbo la nane. Kisha ipitishe mbele ya pembe ya kulia, juu ya kitanzi kilichopo, uinue kitanzi cha chini kipite juu yake na kitoke kwenye pembe. Kaza. Geuza panda ili pembe ya kushoto ije kulia, urudie. Mkanda unashuka katikati ya pembe, na huhitaji kupima urefu mapema kwa sababu unatumia kamba moja tu ambayo unaweza kuendelea kuisokota na kuiunga. Kamba ibaki na unyevunyevu; katani kavu ni ngumu na haipindi vizuri.

Ukifikia urefu unaotaka, kata kamba, upitishe ncha ndani ya vitanzi viwili vilivyobaki na uvute. Tundika mkanda kwenye boriti ukiwa na jiwe chini mpaka ukauke, ili msokoto utulie. Unapoufunga kwenye kiondo, usiishie kwenye ukingo wa juu. Upenyeze katikati ya nyuzi za ubavu, mistari kadhaa kwenda chini, uutokeze ndani na kupiga fundo huko. Ukingo peke yake haukusukwa kubeba galoni ya maji.