Mbinu Mpya Darasani: Mtoto Aambiwe Kwanza Kinachofuata

Mwalimu aliyezoea kuandika somo ubaoni anarudi kutoka mafunzo, tuseme ya Sake au Pinga, mashariki ya Kongo, na asubuhi inayofuata anawaambia wanafunzi wageukiane wanne wanne na wajadiliane. Darasa linanyamaza. Wengi wanatazama ubao, wanangoja aandike. Wengine wanadhani hakutayarisha somo la leo. Jioni mzazi anafungua kaye ya mwanawe, hakuti kitu, na kesho yake amesimama mlangoni: "Mwalimu, mtoto anakuja kusoma ao kucheza?"

Haraka haraka tunasema watoto hawa ni wagumu na wazazi wao hawajaelewa. Mimi naona wana haki ya kushtuka. Shule wanayoijua ni ya chaki, ya kuitika kwa pamoja na ya kunakili. Mtihani wa taifa wa mwisho wa shule ya msingi, ambao wazazi wanauogopa kuliko watoto, mtu anaujibu peke yake. Anayekosea mbele ya wenzake anachekwa, na mahali pengine fimbo bado ipo. Mtoto aliyeishi hivyo miaka minne ameshajifunza namna ya kujikinga: nyamaza, nakili, usionekane. Ukimwambia leo kwamba jibu lolote linakaribishwa, atataka kwanza kuona yule wa kwanza kukosea anafanyiwa nini.

Halafu kuna vita. Waasi wa M23 waliingia Masisi-centre Januari 2025 na Walikale-centre Machi mwaka huohuo, lakini watoto wa huku walikuwa wanakimbia tangu zamani, kutoka kijiji hadi kambi, na kutoka kambi hadi kwa ndugu. Kwa mtoto wa namna hiyo, jambo lisilotarajiwa mara nyingi limekuwa jambo baya. Shule ilimpa nafuu kwa sababu saa mbili ilikuwa ya hesabu kila siku, na mwalimu alianza vilevile kama jana. Tunapoingiza mbinu mpya bila kumwandaa, tunamnyang'anya kile kilichokuwa kinamtuliza.

Hili limeonekana hata katika utafiti. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, shirika la International Rescue Committee lilifundisha walimu wa shule za msingi za mashariki ya Kongo mbinu ya kusomesha iliyounganishwa na malezi ya watoto walioumizwa na vita. Baada ya mwaka mmoja wa kazi ambayo ilikuwa bado haijatekelezwa yote, watafiti waliwauliza wanafunzi wa Katanga wanaionaje shule yao. Majibu yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikuwa na pande mbili. Watoto waliona shule na walimu wanawajali zaidi kuliko zamani. Lakini waliona pia kwamba utaratibu na ushirikiano vimepungua, na hawakuwa na hakika tena mambo yataendaje. Kwangu somo liko hapo: upendo wa mwalimu hautoshi ikiwa mtoto hajui kitakachotokea baada ya dakika kumi.

Kwa hiyo anza na yale wanayoyajua. Wimbo wa asubuhi ubaki uleule, na salamu na tarehe ubaoni vibaki mahali pake. Wimbo huo una faida nyingine: wasichana waliochelewa kwa sababu ya kuchota maji wanaingia wakati wenzao wanaimba, bila kusimamishwa mlangoni. Kisha andika upande mmoja wa ubao mambo matatu ya siku, kwa maneno mafupi: kwanza nitaeleza, pili mtaongea wawili wawili, tatu tutaandika. Kila mnapomaliza moja, lifute. Hata mtoto ambaye bado hajui kusoma ataona kwamba yamebaki mawili.

Badilisha jambo moja kwa wakati. Wiki za kwanza tumia wawili wawili tu: mtoto na jirani yake wa benchi, kwa dakika tatu, na swali ambalo tayari wanalijua, kama vile nane mara saba. Swali jepesi linatosha, maana siku hizo somo lenyewe ni namna ya kuongea na mwenzako. Wakishazoea, benchi la mbele ligeukie la nyuma, na hapo una kikundi cha wanne bila kuhamisha kitu. Hata darasa la watoto sitini linaweza kufanya hivyo. Tangu serikali ilipotangaza elimu ya msingi ya bure mwaka 2019, madarasa mengi yamejaa hivyo na zaidi, na mwalimu anayengoja darasa dogo ili aanze atangoja sana.

Kukaa pamoja bado si kushirikiana. Wape watoto wanne swali moja: yule mjanja atalijibu, wengine watatu watamnakili, na mwishoni kila mtu atasema kazi ya vikundi ni bure. Tunahitaji kazi ambayo haiwezi kumalizika bila kila mmoja. Iko njia moja nzuri iliyozaliwa Austin, Texas, mwaka 1971. Shule za mji huo zilikuwa zimeanza kuchanganya watoto weusi, weupe na wenye asili ya Mexico, na ugomvi ukawaka madarasani. Mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake waligawa somo katika vipande, kila mtoto wa kikundi akapewa kipande chake, na ilibidi awafundishe wenzake ili wote wajue somo zima. Mtoto aliyedharauliwa akawa na kitu ambacho wengine wanakihitaji. Chuki ilipungua.

Inafanyika hivi hivi Nyabiondo au Mubi, bila vitabu. Chukua somo la maji ya kunywa, kwa kuwa kipindupindu tunakijua wote. Kata kartoni vipande vinne kwa kila kikundi, au gawa ubao sehemu nne. Wa kwanza apate habari za mahali salama pa kuchota, wa pili namna ya kuchemsha au kutia dawa, wa tatu namna ya kuhifadhi katika bidoni iliyofunikwa, wa nne kunawa mikono. Kabla hawajafundishana, watoto wenye kipande kilekile kutoka vikundi jirani wakutane dakika tano na kusomeana, ili asiyejua kusoma vizuri asirudi kwenye kikundi chake na aibu. Kisha kila mmoja aeleze. Mwishoni mwulize mtoto wa maji ya kuchemsha habari za kunawa mikono. Akijua kwamba utamwuliza cha mwenzake, atasikiliza.

Lugha ni sehemu ya kazi hii. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inakubali lugha za taifa na lugha za mazingira zitumike kufundishia. Waache wajadiliane kwa Kiswahili, na wakikwama, kwa Kihunde, Kinyanga au Kinyarwanda, kisha walete jibu kwa Kifaransa ikiwa somo linadai hivyo. Mtoto anayelazimishwa kufikiri kwa lugha ambayo bado haijui ataonekana mjinga mbele ya kikundi, na hatajaribu tena.

Katika kugawa vikundi kuna uangalifu wa pekee. Machi 1993 mauaji ya kikabila yalianzia sokoni Ntoto, huko Walikale, yakasambaa hadi Masisi, na wazazi wengi wa watoto wa leo walikuwa watoto wakati ule. Changanya vikundi, ndiyo, lakini usitangaze sababu wala usiulize kabila la mtu. Hesabu tu kufuata mabenchi, kuanzia moja hadi idadi ya vikundi unavyohitaji, kisha uanze tena, na wenye namba moja wakae pamoja. Badilisha vikundi kila mwezi ili kisizaliwe chama. Kazi nazo zizunguke: anayeandika leo, kesho atalinda muda, kesho kutwa atasema mbele ya darasa. Usipozizungusha, wasichana watafagia na wavulana watasema.

Na tafadhali, usiwape vikundi kazi ya kusimulia vita. Mwalimu mwenye moyo mwema anaweza kudhani anamsaidia mtoto kutoa uchungu, kumbe anamfungua mbele ya watu hamsini, kisha kengele inalia. Wape mada za mashamba, maji, wanyama, soko. Vilevile usitoe kazi ya kikundi ya nyumbani inayowalazimu kutafutana jioni, kijiji hadi kijiji. Njia si salama. Yote yaishie darasani.

Wazazi wasisikie habari hizi kwa uvumi. Waite kupitia komite ya wazazi kabla ya kuanza, uwafundishe dakika ishirini kwa mbinu hiyohiyo ya vipande, na waondoke wameonja wenyewe. Wahakikishie pia kwamba kila siku kutakuwa na mistari michache iliyoandikwa kwenye kaye, na ushike neno hilo. Mama aliyelipia kaye kwa pesa ya maharage ana haki ya kuona kitu ndani yake. Nyumbani, badala ya "umepata ngapi?", mzazi amwulize mtoto: "Leo mwenzako amekufundisha nini, na wewe umemfundisha nini?" Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kuuliza hivyo.

Kanuni ni hizohizo kwa masomo ya redio. Shule zilipofungwa kwa sababu ya korona mwaka 2020, Radio Okapi ilirusha masomo ya "Okapi École", na mtoto aliyeachwa peke yake na sauti asiyoijua alichoka upesi. Akiwa na mtu mzima karibu, au watoto wawili watatu, wakajua kipindi kinaanza saa ngapi na watafanya nini kikiisha, anakaa.

Mtoto aliyefika jana kutoka kijiji kingine usimtie kwenye kikundi siku ya kwanza. Mpe mwenzake mmoja, mtulivu, wa umri wake, amwonyeshe choo, maji na mahali pa kukaa, na aangalie vikundi kwa siku chache. Mkubwa aliyekosa miaka mingi mwulizie kituo cha kurudishia masomo, CRS, ambako miaka sita ya msingi inasomwa kwa mitatu na wenzake wana kimo chake.

Wapo watakaokataa hata baada ya wiki nyingi. Waruhusu waandike badala ya kusema, au wakueleze wewe peke yako pembeni. Lakini ukiona mtoto haongei na mtu yeyote hata uwanjani, anashtuka kwa kila kishindo, analala darasani kwa sababu usiku halali, au ameanza kuwapiga wadogo, shida yake imepita mbinu za kufundisha. Ongea na mzazi au mlezi wake faraghani, mwambie direkta, na mumpeleke kituo cha afya au kwa watu wa ulinzi wa watoto waliopo karibu. Nafasi yake kwenye benchi ibaki ileile wakati anapohudumiwa, na wenzake waambiwe tu kwamba atarudi.