MRUTUTU NA MAJI YALIYOFICHIKA

Wakulima wa kahawa wanaujua mrututu, yale mawe ya buluu yanayochanganywa na chokaa na kunyunyiziwa mikahawa kuzuia magonjwa. Ukiushika ni mkavu kabisa. Lakini ndani yake mna maji, tena si haba: katika gramu 25 za mrututu, gramu 9 ni maji.

Muhula huu tulijaribu kuyatoa. Nilipima gramu 25, nikausaga, nikaupasha moto polepole katika kibakuli cha kaure. Mvuke ulitoka, na rangi ikafifia mpaka ukabaki unga mweupe-weupe. Nilipopima tena, zilikuwa zimepungua gramu 7.2 tu. Nikarudia kwa moto ule ule, mizani haikubadilika. Wenzangu walikuwa wamepata karibu na 9. Nakiri kwamba nilishika kalamu ili niandike 9 kama wao.

Mwalimu alikuwa nyuma yangu. Akasema, "Kijana, usiandike jibu la jirani. Gawanya lako kwa 1.8."

Nikagawanya, nikapata 4 kamili.

Maana yake ni hii. Katika mrututu kila atomu moja ya shaba ina molekuli 5 za maji, na katika gramu 25 kila fungu moja la maji hayo lina uzito wa gramu 1.8. Mimi nilikuwa nimetoa mafungu manne. La tano hutaka joto la zaidi ya nyuzi 200 za sentigredi, na moto wangu ulikuwa mdogo.

Tumejuaje yanavyokaa? Mwaka 1912 kule Munich, Ujerumani, Friedrich na Knipping, kwa kufuata wazo la Max von Laue, walipitisha eksirei katika fuwele ya mrututu. Kwenye sahani ya picha yakatokea madoa yaliyopangika: ishara kwamba atomu nazo zimepangika. Mwaka 1934 Beevers na Lipson wa Uingereza wakaueleza mpango wenyewe. Shaba imezungukwa na molekuli nne za maji, kama pembe nne za mraba. Juu na chini, mbali kidogo, zipo oksijeni za salfeti. Maji ya tano hayaigusi shaba. Yanaunganisha maji mengine na salfeti.

Lakini tusidhani kwamba fungu linalobaki mwisho ni lazima liwe lile lililokaa pembeni. Maji yanapotoka, fuwele hujipanga upya, na maji yanayobaki hushikana na shaba mbili.

Basi maji haya si umande ulionaswa. Ni sehemu ya jengo. Yakitoka, buluu huondoka. Tone moja likirudishwa juu ya unga, buluu hurudi na unga hupata joto.

Daftarini niliandika 7.2. Nanyi mtakaojaribu, fanyeni mbele ya mwalimu na mnawe mikono, maana mrututu ni sumu. Tena andikeni kile mizani inachosema.