Laki 5 yangu ilikwenda, milioni 23 na ushee zikabaki

Wengi mmeniuliza inboksi ile BMW niliyotangaza mwaka jana iko wapi, mbona bado mizigo yenu inakuja na boda. Leo nasema, maana najua humu wapo wenye hela mkononi na macho yako kwenye gari.

Nauza viatu vya kike mtandaoni. Nilikuwa nimefikisha milioni 24, na humo ndani imo hela ya mzigo wa Desemba. Nikaiona 320i ya 2013, nyeupe, viti vya ngozi. Siku hiyo hiyo nikatuma laki 5 ya kushikilia, ndipo nikaanza kuuliza. Yaani nilianzia mwisho.

Na hata kuuliza nilikuwa nauliza vibaya. "BMW ni nzuri?" Huyu anakwambia Mjerumani hafi, yule anakwambia itakufilisi. Fundi mmoja ndiye aliyeniuliza swali la maana: "Dada, injini gani?" Sikujua. Akaniambia nimletee namba ya chasisi, ile ya herufi na tarakimu 17, ipo kwenye kadi ya gari na kwenye gari yenyewe. Hakikisha zinafanana. Kuna tovuti za bure, unaiweka namba hiyo zinakutolea aina ya injini na mwezi gari ilipotengenezwa.

Ikatoka N20. Ni injini ya silinda 4, lita 2, yenye tabo, na udhaifu wake unajulikana. Vipande vya plastiki vinavyoongoza cheni ya taimingi, hasa kwa zilizotengenezwa kabla ya 2015, huchakaa na kuvunjika. Mabaki yanadondokea kwenye sampo, na cheni ikiruka injini inaweza kufa kabisa. Dalili ni mlio kama mluzi mbele ya injini, unapanda ukikanyaga mafuta. Baadaye BMW waliweka injini ya B48 kwenye 320i hiyo hiyo, na ukiitazama kwa nje si rahisi kujua. Sisemi kila N20 ni mbovu. Iliyobadilishiwa cheni na plastiki zake, na risiti ipo, hiyo naiangalia.

Nikamuuliza muuzaji risiti. "Dada gari haina tatizo, njoo uione."

Tukaenda na fundi saa 2 asubuhi. Wala hakuangalia rangi, aliweka mkono kwenye boneti. Ya moto! Na muuzaji alishasema haijawashwa tangu juzi. Injini ikishachemka kuna milio inajificha, kwa hiyo mwambie mtu mapema asiwashe mpaka ufike.

Ikaja mashine ya kupimia. Kumbukumbu za hitilafu zilikuwa zimefutwa karibuni. Halafu gari hizi kilomita hazikai kwenye dashibodi tu. Dashibodi ilisoma 64,000, sehemu nyingine ya kompyuta ya gari ikasoma 121,000. Ghafla muuzaji akawa anapokea simu nyingi.

Laki 5 hajarudisha mpaka leo, na sina karatasi ya kumdai. Fundi nilimlipa elfu 80 na chai juu. Mzigo wa Desemba ukaingia kwa wakati.

Gari bado naitaka, sitawadanganya. Ila sasa naomba picha ya namba ya chasisi kwanza, WhatsApp inatosha, na dalali anayezungusha maneno simfuati. Nikishajua injini, napiga simu maduka mawili ya spea niulize bei ya kile kinachoharibika. Hapo ndipo namtafuta fundi aliyezoea gari hizo, sio huyu wangu wa mtaani wa IST (nampenda, lakini hapana). Na hela ya kushikilia, hata iwe elfu 50, tunaandikishana kwamba gari ikishindwa kipimo inarudi.