SOMO LA MFANYAKAZI: Viatu vya Mjumbe Anayesafiri Nchi za Nje



Mara kwa mara chama huchagua ndugu wa kwenda nje kwa kazi ya wanachama. Wengine huenda semina katika nchi jirani kwa basi. Wengine hufika Geneva, Uswisi, kwenye Mkutano Mkuu wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), ambao kwa kawaida hufanyika mwezi wa Juni. Kabla ya kuondoka mjumbe hutafutiwa pasipoti, huchanjwa, na hupewa makaratasi ya kusoma. Juu ya miguu yake haambiwi neno. Basi ndugu aliyezoea buti za mpira shambani na kandambili nyumbani hununua viatu vipya vyembamba, vyenye kung'aa, jioni ya kuamkia safari. Siku ya pili ugenini anachechemea.

Somo la leo linasema jambo moja: kiatu cha safari huchaguliwa kwa mguu, si kwa macho ya watu.

1. Kwa nini jambo hili ni la chama

Katika Mkutano wa ILO kila nchi ina wajumbe wanne: wawili wa serikali, mmoja wa waajiri na mmoja wa wafanyakazi, pamoja na washauri wao. Kwa hiyo wafanyakazi wa nchi nzima wana kura moja tu. Mkutano hukaa katika jumba la Palais des Nations, ambalo lina ukumbi baada ya ukumbi na njia ndefu za kupita. Kamati hukaa vyumba mbalimbali. Kundi la wafanyakazi huwa na vikao vyake lenyewe. Na maneno mengi huafikiwa watu wakiwa wamesimama mlangoni au wakitembea kutoka chumba hiki kwenda kile.

Mwenye kuumwa miguu hutafuta kiti. Wenzake wakisimama kuzungumza, yeye amekaa mbali. Jioni wakikutana tena, yeye amelala ameloweka miguu katika maji ya chumvi. Tumemtuma mtu mzima, na nusu yake tu ndiyo iliyofanya kazi.

2. Ujue mguu wako kwanza

Mtu aliyekua akitembea peku huwa na mguu mpana upande wa vidole. Hii si kasoro. Ni mguu uliokua bila kubanwa. Lakini viatu vingi vya dukani hutengenezwa vyembamba mbele, na mtu hudhani mguu wake ndio mbaya.

Fanya hivi. Weka karatasi sakafuni, simama juu yake kwa uzito wako wote, na mwenzako auzungushie mguu penseli iliyosimama wima. Fanya miguu yote miwili, kwa maana watu wengi wana mguu mmoja mkubwa kidogo kuliko wa pili. Nunua kwa kipimo cha ule mkubwa. Pima jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo kwa kazi ya kutwa. Kisha kata karatasi kwa kufuata mstari, uende nayo dukani na kuilinganisha na soli ya kiatu. Karatasi ikizidi pembeni, kiatu hicho si chako.

Namba ziko za aina mbili. Namba ya Kiingereza hupanda kwa theluthi ya inchi, yaani karibu milimita 8 na nusu. Namba ya Ulaya hupanda kwa theluthi mbili za sentimita, yaani karibu milimita 7. Namba 8 ya Kiingereza ni karibu sawa na 42 ya Ulaya. Lakini viwanda havilingani. Ukivaa 42 ya kiwanda hiki, huenda ukahitaji 43 ya kile. Namba ni ya kuanzia tu.

3. Kujaribu kiatu dukani

Nenda alasiri, na soksi utakazosafiri nazo. Vaa viatu vyote viwili, simama, tembea. Kisha angalia haya:

(a) Mbele ya kidole kirefu kubaki nafasi kama upana wa kidole gumba cha mkono. Ukiteremka mlima au ngazi mguu husogea mbele, na kucha zikigonga ncha ya kiatu zitauma.

(b) Vidole viweze kuchezacheza ndani bila kupandana.

(c) Kisigino kikae imara. Kikipanda na kushuka kila hatua, kitachubuka.

(d) Kikunje kwa mikono. Kiatu kizuri hukunjika pale vidole vinapoanza. Kikikunjika katikati kama daftari, hakitaubeba mguu. Kisipokunjika kabisa, kitakuchosha.

(e) Soli iwe ya mpira yenye mistari. Soli ya ngozi iliyo laini huteleza juu ya mawe yaliyolowa, na mitaa ya kale ya miji mingi ya Ulaya imetandikwa mawe. Kisigino kiwe kifupi, sentimita 2 au 3, kwa akina ndugu na akina dada vilevile.

(f) Viatu vya kamba ni bora kwa safari. Mguu ukivimba unailegeza kamba.

Ngozi hupitisha jasho na hufuata umbo la mguu. Plastiki haifanyi hivyo. Muuzaji akikuambia, "Chukua tu, kitatanuka," ujue kwamba ngozi hutanuka kidogo kwa upana, lakini haiongezeki urefu. Kiatu kifupi leo ni kifupi hata mwakani.

4. Ukinunua mitumba

Wengi wetu hununua mitumba, na si aibu. Lakini kiatu kilichovaliwa kimekwisha kufuata mguu wa mtu mwingine. Kiweke juu ya meza, ukitazame kwa nyuma. Kikiegemea upande mmoja, kiache, kitakupinda goti na kiuno. Angalia kisigino kimelika sawasawa. Ingiza mkono ndani uguse soli ya ndani. Ukikuta shimo la kina lililochimbwa na kidole cha mwenyewe wa kwanza, kiache. Soli ya nje ikiwa imechoka lakini kiatu kimesimama vizuri, fundi viatu anaweza kuiweka mpya.

5. Vizoee kabla ya safari

Nunua angalau majuma matatu mbele. Juma la kwanza vaa saa moja au mbili nyumbani. Juma la pili vaa kwenda sokoni na kwenye mkutano wa tawi. Juma la tatu vaa kutwa nzima, ukibeba mfuko kama utakavyobeba safarini. Pakikwaruza mahali, mpelekee fundi apatanue sasa, kwa maana Geneva hutamwona kwa bei yako.

Ukiweza, chukua jozi mbili na uzivae kwa zamu, ili jozi moja ipumzike na kukauka. Kiatu kilicholowa kijaze karatasi za gazeti, ukiache mahali penye hewa. Usikianike karibu na moto wala juu ya bomba la kupashia nyumba joto. Ngozi itapasuka.

6. Njiani

Katika basi la usiku kucha au ndege ya saa nyingi miguu huvimba. Legeza kamba, zungusha vifundo vya miguu, simama na kutembea kidogo kila baada ya saa moja au mbili. Kukaa bila kujinyosha huweza kugandisha damu ndani ya mguu. Ukifika na ukaona mguu mmoja umevimba na unauma, nenda kwa daktari siku hiyohiyo. Ukiona na pumzi inakatika au kifua kinauma, hiyo ni hatari kubwa, usingoje hata kidogo.

Kwenye uwanja wa ndege huenda ukaambiwa uvue viatu vikaguliwe. Vaa soksi zisizotoboka.

Mahali pakianza kuwaka moto mguuni, simama, pabandike plasta palepale, usingoje lengelenge. Likitokea, usilitumbue. Mwenye ugonjwa wa sukari apapase ndani ya kiatu kwa mkono kabla ya kuvaa, na aangalie nyayo zake kila jioni, kwa maana huenda asisikie jeraha.

7. Juu ya heshima

Wako wanaosema, "Huko wanatazama miguu. Mjumbe avae kiatu cha mkurugenzi." Ndugu, kiatu cheusi cha ngozi, cha kawaida, kilichopigwa rangi na kufungwa vizuri, kinatosha ukumbi wowote duniani. Heshima ya mjumbe ni kusimama kwa zamu yake na kusema alichotumwa.

Na kuna jambo moja la kusema. Kiatu cha safari mjumbe hujinunulia. Buti ya kazini ni habari nyingine. Mkataba wa ILO Namba 155 wa mwaka 1981, kifungu cha 21, unasema hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi. Mwezi wa Juni 2022 Mkutano huo uliongeza mazingira ya kazi yaliyo salama na yenye afya katika haki za msingi za kazi, ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu, hata ikiwa haijauridhia mkataba wenyewe. Maneno hayo hayakushuka kutoka mbinguni. Wajumbe wa wafanyakazi walikaa, wakasimama na kutembea kutoka kamati hadi kamati mpaka yakaandikwa. Mkata miwa anayekatwa mshahara kwa ajili ya buti za mpira anahitaji mjumbe mwenye miguu mizima.

Maswali ya kujadiliana tawini

1. Katika tawi letu, nani hununua buti za kazini: mwajiri au mfanyakazi? Mkataba wetu wa hali bora unasemaje?

2. Buti hizo hutolewa kwa namba ya kila mtu, au hugawanywa tu kama zilivyokuja? Akina mama hupata namba zao?

3. Tukimtuma mjumbe, nani katika kamati atahakikisha kwamba amejiandaa, pamoja na viatu, majuma matatu kabla?

Katibu wa tawi aandike majibu na kuyapeleka kwenye mkutano ujao wa kamati.

Umoja ni nguvu.